Gramafoni Mbili na Tupa Moja

Mtu mmoja aliwaachia wanawe wawili gramafoni mbili za kale, za zile zilizotangulia sahani za santuri, zinazoimba kwa mche wa nta wenye umbo la gilasi. Zilitoka kiwanda kimoja, zikafanana kama mapacha. Kibwana, mkubwa, aliifungia yake kabatini isije ikachakaa. Mbaruku, mdogo wake, aliipiga yake kila alasiri na kuitia mafuta, na majirani wakaja kuisikiliza.

Siku Kibwana alipoitoa yake kabatini, ikakoroma. "Hiyo ina mafua," akasema muuza kahawa, na watu wakacheka. Hapo roho ikaanza kumuuma. Akajiambia kwamba baba alimpendelea kitindamimba, akampa iliyo nzuri.

Basi kila Mbaruku aliposafiri na kumwachia ufunguo wa nyumba, Kibwana aliingia na bisibisi. Akabadilisha kichwa cha sindano, cha huku kikaenda kule. Yake ikakoroma vilevile. Ya mdogo wake ikatiwa mafuta, ikaimba. Akabadilisha springi, kisha tarumbeta. Kilichokataa kukaa akakipiga tupa, na mahali pasipo na tundu akatoboa. Mwishowe yakabaki makasha tu bila kubadilishwa.

Ndipo makumbusho yakatangaza kuwa gramafoni moja halisi itawekwa ukumbini, na jina la mwenyewe kwenye kibao cha shaba. Kibwana akakiona kibao hicho hata katika sahani ya wali. Akaja mkaguzi, na barua ya utambulisho yenye mihuri mingi kuliko maneno. Akazifungua zote mbili nyumbani kwa Kibwana, mbele ya ndugu hao, akalinganisha nambari ya kila chuma na iliyogongwa chini ya kasha, akapitisha kidole penye alama za tupa. Akavua miwani. Zote mbili zilikuwa halisi, akasema, na hakuna iliyoizidi nyenzake. Ila vyuma vyake vimechanganywa, na kwa mujibu wa kanuni, kuanzia leo zote ni vipuri. Akaomba wamtilie sahihi kwamba amefika.

Mbaruku aliitazama tupa juu ya kabati la kaka yake.

"Kaka," akasema, "si ungeniomba mafuta tu."

Akabeba yake akaenda zake. Alasiri ikaimba kama jana.

Sasa niambieni, ninyi mnaohesabu vya jirani: katika nyumba hizo mbili, aliyeibiwa ni nani?