Ndama wa Jumatano

Wale wanaopenda kuhukumu haraka wakae mbele, nataka kuwaona nyuso. Wengine kaeni popote penye nafasi. Kesi yenyewe ni ya wanawake watatu na ndama mmoja, na mimi kila nikiisimulia naondoka na hasira ileile.

Wanawake hao waliishi nyumba moja kule Rungwe, upande ule wa mlima ambao mvua haiulizi msimu. Gwantwa, binti mkubwa, alikuwa na macho. Alikuwa amerudi kwao na begi moja baada ya ndoa kumshinda, na tangu arudi hakuna kilichobadilika zizini bila yeye kukiona. Wifi yake Bupe, mke wa kaka yake, alikuwa na miguu: alipanda na kushuka miteremko ile huku wenzake wakiwa bado wanatafuta fimbo. Mama yao Tumpe alikuwa na mikono. Nusu ya watoto wa kijiji walipokelewa na mikono hiyo, hata wale waliokuja wamegeuka.

Ng'ombe wao wa maziwa alikuwa mmoja tu, jina lake Jumatano, maana alizaliwa Jumatano na hakuna aliyekuwa na wazo jingine. Maziwa yake yalikuwa yamepungua hadi vikombe viwili. Bila kuzaa tena, yangekauka. Na hakuwa anashika mimba.

Hakushika kwa sababu ya msiba. Ng'ombe huingia joto siku moja tu kila baada ya wiki tatu, kisha basi. Siku yake ya kwanza iliangukia siku waliyomzika baba mwenye nyumba. Ya pili iliwakuta wamekaa mkekani na wageni. Gwantwa alikuwa akihesabu siku kwa kuchora mistari ya mkaa kwenye nguzo ya zizi, na mistari hiyo ikamwambia jambo baya: siku ya tatu itakuwa Jumamosi ya kuanua matanga. Na kwao, mwanamke wa msiba haondoki mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Anayenyanyuka kwenda kwa mifugo amempima marehemu na mnyama, na mnyama amezidi.

Jumamosi ikafika. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa kugawa mali. Nyumba na shamba vikaenda kwa kaka, Andendekisye, aliyekuwa huko Chunya machimboni na hakuja hata kuzika. Gwantwa hakutajwa. Mama hakutajwa. Ikabaki habari ya ng'ombe.

Gwantwa alikuwa amepita zizini alfajiri, kabla waombolezaji hawajaamka, akaona uzi mmoja mwembamba wa ute ukining'inia chini ya mkia, angavu kama ute wa yai. Jumatano hakulia wala hakuruka, maana hakuwa na mwenzake wa kumrukia. Mtu mwingine angepita hapo mara kumi. Gwantwa akarudi mkekani, akakaa, akavumilia wimbo wa kwanza, akavumilia wa pili. Katikati ya sala akasimama.

"Kaa chini!" shangazi akamvuta khanga. "Baba yako na ng'ombe, nani mkubwa?"

"Baba hana haraka tena, shangazi. Ng'ombe ana haraka. Jua likizama imekwisha."

Baba mdogo Ambokile, aliyekuwa akisimamia mgawo, akageuka. "Mnamwomboleza marehemu au mnamtafutia ng'ombe mchumba?" Wanaume wakacheka, hata waliokuwa wamefumba macho. "Haya, sikilizeni wote. Tasa huyu akishika safari hii, abaki na shemeji yangu Tumpe. Asiposhika, tunachinja, ukoo ugawane nyama. Na ndama akizaliwa, achukue huyohuyo aliyemshikisha mimba. Mimi simo!"

Wakacheka tena. Lakini walisikia wote.

Gwantwa alilipa. Chama cha kuzikana cha akina mama kilifuta jina lake wiki ileile. Kanisani benchi lilikuwa wazi kulia kwake na kushoto kwake. Leo akifa yeye, hakuna sufuria itakayoinjikwa.

Sasa miguu. Simu ya mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ilikuwa haipatikani. Bupe alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza kukaa baada ya miaka mitano ya ndoa, lakini aliinuka akafunga khanga kiunoni. Gwantwa akamwambia, "Wifi, wewe usiende." Akasema kwa sauti ndogo, kisha hakusema tena. Likumbukeni hilo.

Bupe akashuka hadi senta, akamkuta mtaalamu, kijana anaitwa Lusajo, amekaa kibarazani akitazama matope.

"Pikipiki haipandi huko, dada. Daraja la magogo linateleza. Na mtungi wa mbegu siwezi kuubeba mlima wote ule."

"Wewe utabeba nini?"

"Mkoba wangu."

"Basi beba mkoba wako, kaka. Mtungi nipe."

Akajitwika kichwani ule mtungi wa baridi ambamo mbegu hukaa, akapanda nao. Lusajo aliyebeba mkoba tu alifika nyuma yake akihema. Jua lilikuwa limebakiza kama kiganja kimoja juu ya kilima, na Jumatano akapandishwa.

Siku ya tatu baada ya hapo mimba ya Bupe ikatoka. Wiki tatu zikapita, Gwantwa akatazama chini ya mkia, hakukuwa na uzi. Ng'ombe ameshika. Hakuna aliyepiga vigelegele.

Miezi tisa baadaye Jumatano alianza kuhangaika asubuhi, na ikatokea kwato moja. Moja tu. Mguu mwingine ulikuwa umekunjwa nyuma. Lusajo alikuwa wilaya nyingine. Tumpe akapaka mkono sabuni, akaingiza mpaka begani, akageuza, akasubiri, akageuza tena, shavu lake limeegemea paja la ng'ombe kana kwamba anamsikiliza. Ilifika saa sita. Damu ilikuwa nyingi mno.

"Mama," Gwantwa akasema, "mkate ndama humohumo umtoe vipande. Okoa ng'ombe wako. Ni wako huyo, kitu pekee ulichopewa."

Tumpe hakutoa mkono. "Nyumba hii ilishatoa mtoto mmoja kwa ajili ya huyu," akasema. "Huyu atatoka mzima."

Akatoka mzima. Jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kama kiraka kwenye goti. Jumatano alimlamba mara mbili, akalaza kichwa, akafa.

Kesho yake Ambokile akaja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama ndama kwa muda.

"Mzuri," akasema. "Nilisema achukue aliyemshikisha. Sikusema waliomshikisha. Nitajieni mmoja. Jumapili baada ya ibada narudi kusikia jina. Mkishindwa, ndama ni wa ukoo."

"Tukisema ni wa wote watatu?" Gwantwa akauliza.

"Basi si wa yeyote."

"Na wewe, baba mdogo, siku ile ulifanya nini?"

"Niliahidi," akasema, na akaondoka ameridhika.

Mnataka niwaambie kwamba walikumbatiana? Walipigana kwa maneno siku nne.

"Bila jicho langu mngekula nyama, mkashiba siku mbili," Gwantwa alisema.

"Jicho lako lilibaki hapa limekauka, wifi. Mimi ndiye niliyeloa."

"Bila mikono yangu angebaki mzoga tumboni," mama akasema. "Ndama nimemtoa mimi."

Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokubali. Andendekisye alikuwa ametuma neno kutoka Chunya: mke ambaye tumbo lake halishiki afungashe kabla mwaka haujaisha. Gwantwa naye angelala chumba cha nyuma mpaka kaka arudi, basi. Na Tumpe, mwenye umri wake, alikuwa sasa mjane asiye na ng'ombe katika nyumba ya mwanawe asiyekuja. Mwenye ndama ana kesho yake, hata akiondoka anaondoka na kamba mkononi. Wawili wengine wataondoka mikono mitupu.

Jumamosi Gwantwa alimkuta Bupe zizini akimnyonyesha ndama kwa chupa, maziwa ya kuomba kwa jirani. Chupa ilikuwa imekwisha. Ndama alikuwa ananyonya vidole, na Bupe hakuvitoa.

"Siku ile ulinikataza," Bupe alisema bila kugeuka. "Ulinikataza mara moja tu."

Gwantwa akaokota ile chupa tupu, akaenda kuiosha.

Jumapili ibada ilitoka. Ambokile akaja na wanaume wanne wa kushuhudia, wale wale waliocheka. Akakaa kwenye ndoo yake. "Mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aseme. Jina moja."

Gwantwa akatazama mikono ya mama yake, ambayo tangu siku ile haikunyooka vizuri. Akatazama miguu ya Bupe. Akatazama nguzo yenye mistari ya mkaa, mistari yake, ambayo bila hiyo hakuna mtu angekuwa amesimama hapo leo. Ndama akalia. Gwantwa akafumbua mdomo.

Mimi namwachia hapo. Wewe unayetaka kusema wagawane, nyamaza, umeshasikia kwamba hilo ndilo Ambokile analolisubiri. Wewe unayetaka kusema ndama ni wa mama kwa kuwa ni mama, niambie hilo ukimtazama Bupe. Na wewe unayejiandaa kusema Ambokile alaaniwe, nakubaliana nawe, lakini bado amekaa kwenye ndoo na anataka jina.

Haya, mdomo wa Gwantwa uko wazi. Mwekee jina moja. La nani?