Sahani ya Shahidi

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, kulikuwa na nesi aliyeitwa Tumpe, ana mtoto wa kunyonya. Ugonjwa wa kirusi ukaingia hospitali. Tumpe akasema, "Nipimeni. Damu yangu ikiwa na kinga, nitaingia wodini. Isipokuwa nayo, naenda kumlea mwanangu."

Akapimwa. Maabara huchanganya maji ya damu na kirusi hai, kisha huumwaga mchanganyiko huo juu ya chembe hai zilizo kwenye sahani. Kinga ikiwepo, kirusi kinashindwa. Isipokuwepo, kirusi kinazitoboa chembe, na matundu yanahesabiwa. Pembeni huwekwa sahani ya shahidi, yenye kirusi bila damu. Hiyo lazima itoboke. Isipotoboka, kirusi kimekufa, na kipimo chote ni bure.

Ambakisye, fundi wa maabara, alitoa kirusi kwenye friji, akakiacha mezani, akaenda kunywa chai. Chai yenyewe ikanoga. Kirusi kikafa kwa joto, naye aliporudi akakitumia hivyo hivyo.

Lusekelo, fundi mwenzake, alihesabu matundu. Sahani ya Tumpe, hakuna. Sahani ya shahidi, hakuna. Akaelewa. Lakini Ambakisye alishapewa onyo mara mbili, na ana watoto wanne. Lusekelo akaandika ya Tumpe tu, ya shahidi akainyamazia.

Daktari Mwangoka, mkuu wao, hakuuliza habari za shahidi. Wodi ilikuwa inamsubiri nesi. Akasaini.

Tumpe akaingia wodini akiamini ana kinga. Siku ya kumi na nane tukamzika.

Mama yake akaja maabara, mjukuu mgongoni. Akasema, "Huyu akikua ataniuliza nani alimuua mama yake. Nipeni jina moja."

Ambakisye akasema, "Mama, mimi niliua kirusi, sikuua mtu. Shahidi aliwekwa kwa ajili ya makosa kama yangu. Walimnyamazisha wao."

Lusekelo akasema, "Nilimhurumia mwenzangu, naye leo ananigeukia. Daktari angeniuliza, ningesema."

Daktari akasema, "Nasaini ninacholetewa. Nikimshuku kila mtu, hospitali itafungwa."

Mmoja alizembea, mmoja alinyamaza, mmoja hakuuliza. Na wote watatu, nawaambia kwa uchungu, Jumatatu walirudi kazini.

Bibi bado amesimama mlangoni, na mtoto anaanza kulia njaa. Je, ninyi mnaonisikiliza, amtajie jina la nani?