Sentimita Thelathini na Nne

Mto ulipofurika na kuichukua nyumba ya Merle Tranter, mama huyo alivuta karavani, kijumba cha magurudumu, hadi uani kwake akaishi humo miaka miwili, yeye na umri wake wa miaka sabini na moja. Majira ya baridi aliamka mgongo umekakamaa kama ubao. Alitaka kitu kimoja tu: kujenga tena pale pale alipozaliwa, kabla hajafa.

Halmashauri nayo ilikuwa na kanuni mbili zisizopikika chungu kimoja. Sakafu sharti ipae juu ya alama ya mafuriko. Paa lisizidi mita nane na nusu kutoka kwenye udongo. Darryl, mchoraji ramani, alipima akarudia kupima. Sakafu ikipanda inavyotakiwa, paa lilizidi kwa sentimita thelathini na nne.

"Hilo lisikuumize kichwa, mama," Darryl alisema huku akitafuna biskuti. "Kwenye ramani nitaupandisha mstari wa udongo kidogo tu, paa lionekane fupi. Nani atakuja na rula?"

"Keith atakuja."

"Keith gani?"

"Jirani yangu. Yule anayepima nyasi zangu kwa macho kila Jumamosi. Nitaandika ukweli."

"Ukiandika kwamba umezidi, umejikaanga mwenyewe, nakwambia."

"Basi na nikaangike. Lete karatasi."

Sheria ilimruhusu mtu kuomba azidi kidogo, mradi aandike sababu. Merle aliandika mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza: nyumba yangu inazidi kwa sentimita thelathini na nne. Kisha akaeleza maji yalifika wapi, na kivuli cha paa kitaangukia wapi. Aliikabidhi barua ile akiogopa kwelikweli.

Siku ya kikao Keith Hanrahan alisimama na karatasi ya mpimaji aliyemwajiri kimyakimya, amejaa tele kama pishi la mchele.

"Waheshimiwa, nimegundua siri. Paa hilo limezidi kwa sentimita thelathini na nne kamili."

Mwenyekiti, mama mwenye miwani puani, alifunua jalada. "Bwana Hanrahan, siri hiyo ameiandika mwenyewe ukurasa wa kwanza. Una jingine?"

"Kivuli je?"

"Kinaangukia banda lako la kuku, Juni, saa tisa alasiri. Ukurasa wa nne. Kuku wamelalamika?"

Watu walicheka, na Keith mwenyewe midomo ikamcheza. Akakaa.

"Ramani hii ingekuja imepakwa poda," mwenyekiti aliwaambia wenzake, "karatasi ya bwana huyu ingeizika hapa hapa."

Darryl, kiti cha nyuma, aliviinamia viatu vyake. Mikono saba iliinuka kuidhinisha nyumba, miwili ikabaki chini. Merle alilia mbele ya watu wote, wala hakujifuta.

Nje Keith alimfuata. "Ngazi zako zitakuwa na vidato vingapi?"

"Kumi na sita."

"Kwa magoti hayo? Nitakuja kukufungia mbao za kushikia."

"Njoo, jirani. Na rula yako."

Merle angeupandisha mstari ule, leo angekuwa angali karavanini. Aliitaja kasoro yake kwa kinywa chake, akapata nyumba. Hakika, mficha uchi hazai.