Spika za Shemeji Chande

Sikudhani alikuwa akisugua masufuria alipoingia shemeji yake Chande, tajiri wa maduka matatu.

"Shemeji, Jumamosi namwoza binti. Gari langu litambeba bibi harusi, kigari chako kitatangulia kikipiga muziki. Bure, sisi ni ndugu."

"Kichukue," akasema Sikudhani. Miaka minne alikuwa akitamani muziki wa maana ndani ya kigari chake chakavu, pesa haitoshi. "Ila kina spika moja, nayo inakoroma. Wakwe wakiuliza kama gari lina pumu, usinilaumu."

Chande akakunja uso. "Spika nne za gari langu la zamani ziko stoo. Fundi atakufungia. Lakini Jumapili nazichukua!"

"Zako, shemeji. Nani kakataa?"

Fundi alipozipima akaguna. "Mama, hizi ni kubwa mno. Haziingii."

"Mwenye harusi kasema zifungwe. Kata milango ziingie."

Jumamosi msafara ulitikisa mji. Chande alicheza mpaka kofia ikamdondoka. Jumapili jioni akaja na bisibisi, akafungua spika ya kwanza. Nyuma yake palikuwa na tundu pana kama sahani.

"Endelea tu," Sikudhani akamwambia huku akipakua ugali. "Ukimaliza, niletee milango minne isiyo na matundu. Nilikuazima gari zima."

Chande akafikiria bei ya milango minne. Akairudisha spika mahali pake, akakaza skrubu.

"Basi nawa mikono ule, shemeji."

Sikudhani akahesabu vichwa mkekani: mumewe, wanawe watatu, na Chande. Wote walikuwepo, na dagaa walitosha.