Keki ya Makapi

Hapo zamani, na wala si zamani ya mazimwi, ni ile zamani ya juzi ambayo simu zilikuwa zimeshafika, aliishi mwanamke aliyeitwa Makapi. Msicheke. Jina hilo alipewa makusudi, na waliompa walikuwa wanampenda.

Mama yake, Bi Mwanamvua, alizaa wa kwanza, akafa. Akazaa wa pili, akafa. Akazaa wa tatu, akafa. Wa nne akafika kutambaa, naye akafa. Alipozaliwa wa tano, watu wa Magoda wakafanya walivyozoea kumfanyia mama wa namna hiyo. Mtoto akaviringishwa kitambaa, akalazwa jalalani juu ya majivu na maganda ya muhogo. Jirani akapita akasema, "Nani katupa takataka hapa?" Mama mtu akajibu, "Sijui, kama unaitaka chukua." Jirani akambeba, akazunguka nyumba, akamrudisha kwa mlango wa nyuma. Yote hayo ili kifo kikipita kisione kitu cha kuchukua. Nani aibe makapi?

Likawekwa na sharti. Mtoto huyu asihesabiwe. Siku yake isitajwe, umri wake usitajwe, asipongezwe mbele za watu. Ukimhesabu, umekionyesha kifo njia.

Basi Makapi akakua hana siku. Akaolewa, akaachika, akafyatua matofali yake mwenyewe na kujijengea nyumba yake mwenyewe, ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Homa ilimpiga, akapona. Ukuta ulimwangukia, akatoka chini yake akiutukana. Kila mtu Magoda alijua ni mtu wa namna gani, na hakuna aliyempa hongera hata siku moja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ni hapa wengine huanza kusinzia halafu wanakuja kubishana nami mwishoni. Wapo wanawake watatu.

Wa kwanza ni mama mtu. Kila mwaka, ikifika siku ile aliyojifungua, Bi Mwanamvua alibadilika. Makapi akimwamkia shikamoo, haitikii. Chakula anamwekea ukoko kwenye sahani iliyovunjika ukingo. "Kula, takataka wewe." Kesho yake anarudi kuwa mama kama kawaida. Mtoto alilia sana siku hizo, hakujua amekosa nini. Alipokuwa mkubwa akaacha kulia, ila siku hiyo hakukanyaga kwa mama yake.

Wa pili ni Bi Kidawa, yule jirani aliyemwokota. Kila mwaka, siku ile ile, alikuja kuazima ungo, na kwake ana nyungo tatu. Akishapewa anainama, anamnong'oneza Makapi sikioni, "Umeongeza mwingine, mwanangu." Halafu anaondoka, hageuki. Makapi alipofika miaka kumi akaelewa kinachohesabiwa. Ndivyo alivyoijua siku yake.

Wa tatu ni Havijawa, shoga yake, muuza dagaa mwenye sauti ambayo ukiwa kisimani unaisikia sokoni. Makapi alikuja kumwambia siri ya siku ile. Havijawa akakaa nayo miaka miwili, na kwa Havijawa miaka miwili ni mingi sana. Mwaka wa Makapi kutimiza hamsini ukamshinda.

Asubuhi ile watu wamejaa bombani, foleni ya ndoo imepinda hadi barabarani. Havijawa akachota ndoo nzima, akammwagia Makapi kichwani kama wanavyofanyiana vijana wa mjini, akapaza sauti, "Makapi leo katimiza hamsini. Mpeni hongera yake!"

Maji yakawa yanamwagika bombani na hakuna anayeyakinga.

Mjomba wa Makapi, Mzee Sechonge, alikuwepo. Akasema, "Havijawa, umemhesabu. Mwanetu akiumwa hata kichwa mwaka huu, mlango tunaoujua ni wako."

Havijawa akaweka ndoo chini. "Mlango wangu hauna komeo, mjomba. Njooni."

Na hakuwa anatania. Pale Magoda mtu akilaumiwa kifo, haombwi chumvi, haazimwi jembe, dagaa wake hawanunuliwi. Alilijua hilo, na bado akasimama pale na kanga yake imelowa.

Ndipo mama mmoja wa mwisho kwenye foleni akasema taratibu, "Hongera, Makapi." Mwingine akasema. Mwingine akasema. Watu walikuwa nayo mdomoni miaka yote, wanaogopa tu kuitoa. Kufika adhuhuri uani kwa Makapi pana mayai, pana jogoo amefungwa miguu, pana kanga mbili za jozi, na binamu zake wa Muheza wanapiga simu mmoja baada ya mwingine, wote wanalia. Makapi naye alilia. Alilia wazi wazi, wala hakusingizia moshi.

Akasema, "Hawa watu siwezi kuwaacha hivi hivi. Waje alasiri, niwashukuru."

Akachanganya unga, mayai na sukari, akaoka keki kwenye sufuria, makaa juu na makaa chini. Upande mmoja ukaungua, akaukwangua kwa kisu. Watu wakaja, wakajaa hadi nje ya uzio. Bi Mwanamvua naye akaja, akakaa mbali, karibu na tundu la kuku.

Makapi akasimama. "Jamani, asanteni. Tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa hongera na watu wawili kwa pamoja, na leo nimeshindwa kuwahesabu. Nasema asante mbele ya mjomba, asikie. Nina miaka hamsini. Narudia, hamsini. Kama kuna kitu kinanitafuta, kisisumbuke kuuliza nyumba kwa nyumba. Nakaa nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga, na jina langu ni Makapi."

Watu wakapiga vigelegele. Mjomba akatazama chini.

Basi mnajua mambo ya keki. Mwenye siku yake anakata kipande, anamlisha kwa mkono wake mtu mmoja kwanza, na huyo wa kwanza ndiye aliyeshukuriwa kuliko wote. Wa pili ni wa pili tu, hata umlishe kipande kikubwa kama tofali.

Makapi akakata. Akauliza, "Nani?"

Havijawa akasema, "Mimi sina aibu, nasema. Leo umeshukuru watu mia kwa sababu mimi nilifungua mdomo. Nisingeufungua, ungekuwa unasaga ukoko peke yako sasa hivi. Na ukifa kabla ya mwaka kwisha, atakayelipia ni mimi, si hao wanaopiga vigelegele."

Bi Kidawa akasema, "Wewe umesema mara moja. Mimi nimesema mara hamsini. Nilianza kumnong'oneza hajajua kusema. Mama yake angenikuta angenifukuza. Bila mimi hata siku yenyewe msingeijua, mngemmwagia maji tarehe ya mtu mwingine."

Mjomba akasema, "Mpe mama yako, mambo yaishe."

Makapi akamjibu, "Mkono ni wangu, mjomba, na siku ni yangu. Asiseme mtu kwa niaba yake. Mama, una neno?"

Bi Mwanamvua akanyanyuka. "Ninalo. Wenzangu wamekupa maneno. Mimi nilikuwa na neno kubwa kuliko yao, nikalimeza mara hamsini. Siku hiyo ulikuwa unakula ukoko, mimi sikula kitu, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Hukujua kwa sababu sikutaka ujue. Nimezika wanne, Makapi, wote niliwaita majina mazuri. Wewe nilikuita takataka, na wewe ndiye umesimama hapa. Ukimlisha mwingine kwanza nitakula kipande changu na nitasema asante. Lakini watu hawa wote watakuwa wameambiwa kwamba nilikuwa mama mbaya."

Bi Kidawa akamgeukia. "Ulifunga wewe, Mwanamvua, sawa. Aliyelia ni mtoto."

"Na wewe ulinong'ona," akasema Bi Mwanamvua. "Kama sharti lilikuwa la kweli, ulikuwa unacheza na roho ya mwanangu. Kama halikuwa la kweli, mbona hukupaza sauti?"

Havijawa akataka kucheka, Bi Mwanamvua akamkazia macho. "Na wewe usicheke. Ulipaza sauti bila kuniuliza mimi niliyezika."

Makapi kasimama, kipande kimeanza kumong'onyoka vidoleni. Akimlisha mama kwanza, amesema kwamba kulizwa kwake utotoni kulikuwa halali. Akimlisha Bi Kidawa, amemshukuru mtu kwa kumzunguka mama yake. Akimlisha Havijawa, siku moja imeishinda miaka hamsini. Hataki kumwogopa mtu yeyote, na pia hataki kumdhulumu mtu yeyote.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kula mwenyewe basi." Makapi akamwambia, "Siku hii nimekula peke yangu miaka yote. Leo sili peke yangu."

Sasa na nyie msianze ujanja wenu. Msiniambie akate vipande vitatu. Mkono wa kulia ni mmoja, na wa kwanza ni mmoja. Msiniambie amlishe mjomba, huyo hata chai asipewe. Nimehadithia haya sehemu nyingi, na watu wazima wameondoka wamenuniana. Mimi sitawasaidia. Makapi ameshanyanyua mkono, na wote watatu wanamtazama.

Haya, semeni. Kinywa cha nani kilistahili?