Pimbi na Chombo cha Habari

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mwamba, na juu ya mwamba Pimbi, mwili mdogo, sauti kama baragumu.

Kila asubuhi Pimbi alipanda mwamba, akatangaza. Kwek-kwek-kwek! Kisima kimekauka. Kwek! Mke wa Ngiri kajifungua. Kwa kuwa habari zote zilipitia kwake, wanyama wakamwita chombo cha habari.

Asubuhi moja akatangaza, "Kwek! Mtoto wa Digidigi haonekani!" Kesho yake, wa pili. Keshokutwa, wa tatu. Na mlinzi wa watoto alikuwa Chui.

Chui akanguruma, "Ngrrr! Chombo cha habari kiletwe mbele yangu hapo mwambani jua likifika utosini. Nakivunja!"

Pimbi akajiuliza. Akimbie? Digidigi kabakiwa na watoto wawili. Akae? Atavunjwa shingo. Akauzunguka mwamba, akauzunguka tena, moyo du-du-du. Ndipo akawaza: kwani Chui anajua chombo cha habari ni kitu gani? Kwake yeye chombo ni sufuria na sahani tu!

Akatafuta mtungi uliotoboka kitako, akauweka juu ya ufa wa mwamba. Ufa ule uliteremka mpaka pangoni, walimojificha wanyama kwa kumwogopa Chui.

Chui akafika.

"Chombo cha habari kiko wapi?"

"Ndicho hiki, mkubwa."

"Mbona kitupu?"

"Hujatia habari zako. Ukizitia humu, mimi naziba, hazitoki tena. Lakini zitie zote, mkubwa. Ukibakiza moja, itapiga kelele."

Chui akatazama huku, akatazama kule. Akasukuma kichwa ndani, akanong'ona, "Watoto watatu wa Digidigi nimewala mimi. Waliobaki nawala leo."

Mtungi ukavuma, vuuu! Ufa ukavuma, vuuu! Pangoni wote wakasikia, na Mama Digidigi akasikia.

"Nimemaliza. Ziba!"

Chui akavuta kichwa. Hakitoki. Akavuta tena. Hakitoki. Nyati akatoka pangoni, pembe chini, na wenzake nyuma. Chui akakimbia na mtungi kichwani, ko! mtini, ko! jiweni, mpaka gengeni, akaporomoka. Hajaonekana tena.

Wale watatu hawakurudi. Pimbi hakutangaza lolote siku ile. Alikaa karibu na Mama Digidigi.

Ngano yangu imefika mlangoni kwenu, ipokeeni. Na funzo lake, wanangu? Mambo ya wakubwa hayasemwi hadharani. Mimi mwenyewe, mnanijua, huwa sisemi.