Chungu cha Jirani

"Kusifu chungu cha jirani hakupasui chako." Mliisikia jana kikaoni, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Ilopa, kando ya Ziwa Nyasa, wanawake walifinyanga vyungu, wanaume walivua, na wote kwa pamoja waligombania siasa. Vyama vilikuwa viwili, Jembe na Kasia. Uhasama ulifika mahali kuku wa mtu wa Kasia akitaga kwa mtu wa Jembe, yai halidaiwi; kuku mwenyewe anaitwa msaliti.

Kiongozi wa Kasia alikuwa Bi Tupokigwe, mfinyanzi hodari mwenye ulimi uliogopwa kijiji kizima. Mwaka huo chama chake kilimsimamisha Ambindwile, mtoto wa kaka yake, agombee uenyekiti wa kijiji. Kijana alikuwa mtanashati, mwimbaji, na kwa ahadi hakuwa na mfano. Daraja la mto lilikuwa limesombwa na maji, watoto wakivushwa mgongoni kwenda shule. Yeye akaahidi daraja la chuma lenye taa. Ilopa yenyewe haikuwa na umeme.

Anyambilile, mgombea wa Jembe, hakuahidi taa. Alikuwa amekwisha kuomba magogo, akaingia mtoni mwenyewe na kusimika nguzo za kwanza. Bi Tupokigwe aliziona kila alipomvusha mjukuu wake, na kila mara moyo ulimsuta. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Aliogopa kumwaibisha kijana wake, lakini mto aliuogopa zaidi.

Siku ya mwisho ya kampeni vyama vyote vilikusanyika uwanja wa soko, kila kimoja na jukwaa lake. Bi Tupokigwe alipoitwa azungumze, alikaza kanga yake kiunoni, akakatiza uwanja, akapanda jukwaa la Jembe. Ngoma zilinyamaza bila kuambiwa.

"Mimi ni Kasia, na Kasia ndio watakaonizika," alisema. "Lakini mwaka huu kura yangu ni ya Anyambilile. Mpeni na ninyi, watoto wetu wavuke."

Sasa, wafinyanzi wa Ilopa walikuwa na mwiko wao: siku ya soko, usisifu chungu cha mwenzio. Ukikisifu tu, umewafukuza wateja wako mwenyewe. Kila mtu pale uwanjani aliujua.

"Shangazi!" Ambindwile alipiga kelele. "Unasifu chungu cha jirani mbele ya wateja? Umetupasulia chetu!"

"Nani kakigusa?" alijibu bibi. "Kusifu chungu cha jirani hakupasui chako, mwanangu. Kikipasuka kwa maneno matupu, basi hakikuiva motoni."

Kicheko kilianzia kwa Kasia wenyewe, kikaenea uwanja mzima. Ambindwile alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu.

Anyambilile alishinda. Kwa kuwa magogo hayabebeki bila wimbo, alimwomba Ambindwile aongoze nyimbo, na sauti ile ikawavuta vijana wa vyama vyote mtoni. Mvua zilikuta daraja liko tayari. Watoto walivuka wakipiga vishindo makusudi, na Bi Tupokigwe akalia kwa furaha mbele za watu bila kuficha uso.

Jembe wakamletea kadi ya chama chao, imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Akairudisha.

"Nilisifu chungu," alisema. "Sikuhama nyumba."

Na kweli hakuhama. Uchaguzi uliofuata alipanda jukwaa la Kasia, akampinga Anyambilile asubuhi hadi alasiri bila kumwonea huruma. Aliposhuka, koo limemkauka, Anyambilile mwenyewe alikuwa akimngoja na maji ya kunywa. Wakaenda kula samaki sahani moja, wakibishana njia nzima. Watu waliowaona hawakuuliza tena nani kamsaliti nani. Walitazamana tu, wakasema: kusifu chungu cha jirani hakupasui chako.